Fundi aliuliza kama inatoa karatasi

Mpwa wangu kanitumia ujumbe juzi usiku: "Shikamoo mjomba. Programu gani nzuri ya kuchorea fremu ya baiskeli ya mlimani? Nataka nianze nayo likizo hii." Chini yake kabandika majina manne na alama za kuuliza. Nikaanza kumjibu kwa sauti, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Jibu langu lilikuwa linaanzia mbali mno, kwenye karakana ya Majengo, Moshi, mwaka 2021, kwa mzee ambaye sijawahi kumwona ameshika kipanya cha kompyuta.

Mnaoijua habari ya fremu nyekundu mnivumilie. Kwa wengine: mgeni mmoja wa Uingereza alitaka fundi huyo mzee amtengenezee fremu ya baiskeli ya mlimani, na kuichora kukaniangukia mimi.

Wakati huo mabomba yalishafika. Mgeni alikuja nayo kwenye begi, yameviringishwa kwenye taulo: kromoli 4130, aina ya chuma, mepesi, kuta zake hazifiki hata milimita moja. Alitaka fremu ya ringi za 29, ya kushukia njia za Kilema na Marangu zinazopita katikati ya vihamba, zile ambazo mvua ikinyesha usiku asubuhi unatembea nayo begani. Shokapu ya mbele ya kubonyea milimita 130, shingo, lile bomba la mbele linaloshika usukani, imelala digrii 66. Hayo tulishakubaliana. Kilichobaki ni kuchora, na hapo ndipo nilipojifungia ndani na laptopu ya mtumba.

Nilianza na Fusion 360 kwa sababu kila video niliyofungua ilikuwa nayo. Ni tamu, sitasema uongo. Lakini kuanzia Oktoba 2020 sisi wa bure tulibanwa: mafaili kumi tu yanayoharirika kwa wakati mmoja, na baadhi ya njia za kutolea kazi nje zikafungwa. Fremu ukiigawa vipande, mabano ya breki huku, vishikio vya ekseli kule, kumi ni kidogo. Onshape inafunguka kwenye kivinjari, hata laptopu yangu iliimudu, ila mchoro wa bure unakaa hadharani dunia nzima iuone, na bando likikata, nawe umekatika. Sikuwa na siri yoyote ya kuficha. Bando ndilo lililonishinda. SolidWorks niliiona kwenye meza ya rafiki. Leseni yake ya kazi ni maelfu ya dola, tukaagana kwa amani.

Nikaangukia FreeCAD. Bure kweli, haina haja ya intaneti, haikuulizi wewe ni nani. Ugonjwa wake, enzi hizo za toleo 0.19, ulikuwa kwenye namba. Kila uso wa umbo unapewa namba. Ukirudi nyuma ukagusa kipimo kimoja, namba zinajipanga upya, na kile ulichokuwa umekipachika kwenye uso fulani kinajikuta kimepachikwa kwingine. Nainamisha shingo nusu digrii tu, mabano ya breki yanahama mguu. Toleo 1.0 lililotoka Novemba 2024 limeupunguza sana ugonjwa huo. Mimi nilipita kabla ya dawa.

Mtu angeuliza, kwa nini nilikazania umbo la pande tatu wakati fremu ni mabomba machache tu? Kwa sababu ya nyuma ya pedali. Tairi la inchi 2.4 lina upana wa milimita 61, yaani 30.5 kutoka katikati. Weka 6 za tope. Sproketi ya mbele nayo inazunguka milimita 52 kutoka katikati, na unene wake, na nafasi ya kupumua. Ukimaliza kutoa, bomba la nyuma la upande wa cheni limeachiwa kama milimita 10 za kupita, na bomba lenyewe kipenyo chake ni 19. Ukiichora fremu kwa ubavu tu, huyaoni haya. Nilikaa sana hapo. Nikalibonyeza lile bomba kwenye skrini taratibu hadi likapita, nikalipa rangi ya kijivu inayong'aa, nikawa nalizungusha tu, bila sababu.

Nikampelekea fundi.

Alikuwa kwenye jiriwa, ananyoosha keria ya pikipiki. Nikaiweka laptopu juu ya pipa, nikaizungusha fremu. Akafuta mikono, akatazama mzunguko mzima, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nzuri. Inatoa karatasi?"

"Inatoa picha, mzee. Ukitaka kwa juu, kwa ubavu..."

"Picha ya nini, Injinia? Karatasi. Ya kuvisha bomba."

Injinia ni jina la kunisuta, mimi si injinia. Akachukua kipande cha mfuko wa saruji akakizungushia bomba kama kanga kiunoni, akachora kwa chaki mstari unaopanda na kushuka. Bomba linapokutana na bomba, mdomo wa la kwanza lazima ukatwe kwa mkunjo ufuate mgongo wa la pili. Kwenye mabomba mazito ya ngazi yeye hukadiria kwa jicho, pengo likibaki anajaza. Haya ya mgeni ni membamba, yanaungwa kwa shaba na gesi, na shaba haitaki pengo. Alitaka ule mstari uje umechorwa tayari.

Nikarudi nyumbani. Kwa programu zile kubwa, kulikunjua bomba kuwa karatasi kulikuwa na njia za kuzunguka nyingi, na kila njia ilikuwa na video ya dakika arobaini. BikeCAD, ya Brent Curry wa Canada, inayo kazi hiyo, ila kwenye toleo la kulipia. Ndipo nikakutana na rattleCAD. Bure, nyepesi, inachora kwa bapa tu, sura yake ya zamani kiasi kwamba mwanzoni niliifunga nikidhani haijamaliza kufunguka. Lakini unaingiza vipimo vya baiskeli, na kuna ukurasa ambapo midomo ya mabomba imekunjuliwa tayari kuchapwa. Nikatia kwenye flashi, nikaenda steshenari ya jirani na stendi.

Hii sehemu inayofuata naiona hadi leo.

Fundi akachukua karatasi ya bomba la juu, lenye kipenyo cha 31.8. Akaivisha. Kingo mbili za karatasi zilitakiwa kukutana. Hazikukutana, ukanda mwembamba wa chuma ulikuwa unang'aa katikati yake. Hakuniangalia. Akaivua, akaivisha tena kutoka upande wa pili, akaisukuma kwa kidole gumba. Ukanda uko palepale. Nje redio ya kinyozi ilikuwa inasoma matokeo ya mpira. Akararua ukanda wa gazeti, akauzungusha kwenye bomba, akautoboa kwa msumari pale unapolaliana, akaulaza kwenye rula: milimita 100. Akalaza na karatasi yangu: 97.

"Bomba halijanenepa," akasema.

Kumbe mashine ya steshenari ilikuwa imepunguza ukurasa ili uenee ndani ya mipaka yake, kimyakimya, asilimia tatu tu. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa sahihi, na kingeendelea kuwa sahihi. Sasa fikiria: 31.8 mara 3.14 unapata 99.9. Bomba lile lilikuwa limejivika rula kiunoni muda wote, nami nimelala nalo chumba kimoja sijaiona. Mzee aliiona kwa kuvisha mara moja.

Nikarudi stendi, nikamwomba binti achape kwa asilimia mia kamili. Safari hii kingo zikabusiana. Fundi akafuata mstari kwa msumeno, kisha grainda kwa mbali, kisha tupa ya nusu duara, akipuliza vumbi kila mara. Akaliweka bomba la juu kwenye la shingo, akayainua yote mawili kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, kutafuta mwanga. Akanipa nami nitazame. Mwanga haukupita.

Mengine yalikwenda haraka. Lile bomba la nyuma lililonikesha aliliminya kwenye jiriwa kati ya vipande viwili vya mninga, analinganisha na tairi lenyewe, hadi likapita. Nilipopima kwa kalipa lilikuwa nusu milimita tofauti na la kwangu. Rangi nyekundu, mgeni akashuka nayo Kilema, akaondoka nayo.

Nimwambie nini mpwa? Kwamba achague programu kwa kumuuliza atakayeshika tupa? Lakini chuoni kwao wana mashine inayokata yenyewe, faili linaingia huku bomba linatoka kule, na karatasi yangu itakuwa hadithi za wazee. Halafu akitaka shokapu ya nyuma pia, zile fremu zenye viungo vinavyocheza, bapa haimfikishi popote; atahitaji pande tatu na subira ya kuzoea namba zinazohama. Huenda bahati ilinibeba kwa kuwa fremu yangu ilikuwa ya kawaida, isiyo na shokapu ya nyuma.

Na sijachora fremu nyingine tangu hapo. Anayenichorisha ni fundi. Kazi zake ni mageti na ngazi za maghorofa, na ananitumia sauti: bomba la inchi mbili linaingia kwenye la inchi tatu, digrii 45. rattleCAD haikubali kwamba kuna baiskeli ya namna hiyo, kwa hiyo nimeandika kanuni kwenye jedwali la LibreOffice. Nimemzoesha asinitajie inchi, anizungushie uzi anipe mzingo, maana bomba la maji la "inchi mbili" kwa nje ni milimita 60.3. Wiki iliyopita kauliza kama naweza kumtolea na karatasi za mabomba ya mraba. Nimemwambia hizo hazihitaji programu, rula inatosha. Kanijibu rula anayo, anachotaka ni ile karatasi, wateja wakiiona hawabishani bei.