Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi

Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimefunga mapazia, na usingizi umekataa kuja. Nimeamua kuandika, kwa sababu jambo lililotokea asubuhi ya leo wakati wa kukabidhiana wodi limenirudisha kwa mgonjwa mmoja niliyemuuguza miaka 6 iliyopita, na siwezi kulieleza hili bila kulieleza lile.

Watu walio nje ya kazi hii wakisikia kwamba wauguzi hawatoshi, huwaza foleni ndefu na kengele isiyoitikiwa. Hayo yapo. Hata hivyo ningependa kuanza na jambo dogo zaidi, nalo ni kuhesabu pumzi. Presha hupimwa kwa mashine, joto kwa kipimajoto, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Pumzi, katika wodi nyingi za kawaida, hazina kifaa. Muuguzi husimama kando ya kitanda, akaitazama saa aliyoibandika kifuani, akakitazama na kifua cha mgonjwa kinavyopanda na kushuka, akahesabu kwa dakika moja kamili bila kumwambia mgonjwa anachokifanya, maana mtu akijua kwamba pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha bila kukusudia. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Idadi hiyo ikianza kupanda, mara nyingi huwa inatoa habari mapema kuliko presha, wakati mwingine kwa saa kadhaa, na saa hizo ndizo zinazomtenganisha mgonjwa anayewahiwa na mgonjwa anayekimbizwa.

Dakika moja ni kitu kidogo mpaka uizidishe. Wodi yetu jana usiku ilikuwa na wagonjwa 24. Tulianza zamu tukiwa wawili, na kabla ya saa 5 mwenzangu akahamishiwa wodi nyingine ambayo haikuwa na muuguzi hata mmoja, uamuzi ambao siulaumu, kwani hata mimi ningeamua hivyo hivyo. Kupima vipimo vyote vya mgonjwa mmoja, kuviandika na kumsikiliza japo kidogo huchukua dakika 5 iwapo hakuna anayekukatiza. Kwa wagonjwa 24 ni saa 2 kamili, na mzunguko huo unatakiwa urudiwe kila baada ya saa 4. Wagonjwa 6 kati yao hawawezi kujigeuza, nao wanapaswa kugeuzwa kila baada ya saa 2 ili ngozi ya mgongoni na visiginoni isife kwa kugandamizwa, na kumgeuza mtu mzito kwa usalama ni kazi ya watu wawili. Hapo sijataja dawa za saa 6 usiku, dripu zinazoisha, kanula (mrija mdogo wa mshipani) iliyoziba, wala mgonjwa mpya aliyeletwa saa 9 akiwa na maumivu makali. Ukizijumlisha kazi hizo kwa uaminifu, utapata saa nyingi kuliko zilizomo katika usiku mmoja, na hakuna bidii inayoweza kuibadilisha hesabu hiyo.

Kinachofuata nimekiahirisha kukiandika kwa muda mrefu.

Miaka 6 iliyopita, katika hospitali nyingine, nilikuwa peke yangu usiku kama huo. Kwenye kitanda cha karibu na dirisha alilazwa mzee mmoja, siku ya tatu baada ya upasuaji wa utumbo, mtu mpole asiyependa kumsumbua yeyote. Nilipomfikia saa 6 usiku nilimpima presha, nikambana kifaa kidoleni, nikasoma joto. Kabla sijakitazama kifua chake, mgonjwa wa upande wa pili akaanza kutapika. Nikaandika 20 kwenye kisanduku cha pumzi na kugeuka kuondoka. Mzee akasema, "Nenda, mwanangu, wenzangu wana hali mbaya kuliko yangu." Saa 10 alfajiri nilimrudia, nikafanya vile vile, nikaandika 20 tena. Sikukaa nikapanga kudanganya. Mkono wangu uliandika namba ambayo mikono ya wauguzi wengi waliozidiwa huiandika, kwa kuwa ni namba isiyomfanya mtu aulize swali. Saa 2 asubuhi mwenzangu wa zamu ya mchana, ambaye alikuwa na wagonjwa wachache na mwanafunzi wa kumsaidia, alisimama kando ya kitanda kile akahesabu dakika nzima. Alipata 34.

Mshono wa ndani ulikuwa unavuja na maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Mzee alirudishwa chumba cha upasuaji, akakaa siku 9 katika wodi ya wagonjwa mahututi, akapona. Aliporejeshwa kwetu alinishika mkono, akanishukuru kwa kumwangalia vizuri usiku ule. Sikumwambia kitu. Shukrani ile inaniuma mpaka leo kuliko lawama yoyote niliyowahi kupewa kazini.

Nimelifikiria faili lake mara nyingi. Yeyote atakayelifungua ataona mgonjwa aliyepimwa kila kipimo kwa wakati wake, na hataona mahali popote palipoandikwa kwamba muuguzi alikuwa mmoja. Upungufu ulikuwa umefutwa, na aliyeufuta ni mimi, kwa kalamu yangu mwenyewe na sahihi yangu. Nimekuja kuamini kwamba hii ni sababu mojawapo kubwa inayoufanya uhaba wa wauguzi udumu miaka nenda miaka rudi: sisi tunaoumia nao ndio tunaouficha. Tunaruka mapumziko, tunabaki saa mbili baada ya zamu ili kumalizia kuandika, tunajaza visanduku, na asubuhi wodi inaonekana imelala salama. Anayepanga bajeti husoma makaratasi, na makaratasi yamemwambia kwamba muuguzi mmoja alitosha.

Beatrice Kalisch, mtafiti wa uuguzi nchini Marekani, alichapisha mwaka 2006 utafiti kuhusu huduma ambazo wauguzi hulazimika kuziacha wanapozidiwa. Nilipozisoma nilihisi kama kwamba aliwahi kuchungulia wodini kwetu: kumtembeza mgonjwa, kumgeuza, kumlisha kwa wakati, kumfundisha yeye na jamaa zake kabla ya kuruhusiwa, kumfariji, kumsafisha, kumchunguza kwa ukaribu. Sindano haipo humo, kwa sababu sindano isiyochomwa huonekana mara moja. Zinazoachwa ni zile ambazo kukosekana kwake hakuonekani usiku huo huo. Kidonda cha mgongoni hujitokeza siku kadhaa baadaye, na hakuna anayeweza kusema ni usiku upi uliokisababisha wala zamu ya nani.

Kwa muda mrefu nilidhani kisa changu na mzee yule ni dhambi yangu binafsi, mpaka nilipozisoma tafiti za Linda Aiken, mtafiti mwingine wa uuguzi wa Marekani, na wenzake. Mwaka 2002 walitoa matokeo kutoka hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania nchini humo: kila mgonjwa mmoja zaidi anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Mwaka 2014, wakitumia taarifa za wagonjwa zaidi ya 420,000 katika nchi 9 za Ulaya, walipata tena asilimia 7. Namba hiyo haiwezi kumtaja mtu. Haisemi ni mgonjwa wa kitanda kipi angepona kama pangekuwa na muuguzi mwingine. Mimi nikiisoma namwona mzee wa dirishani, aliyeponea chupuchupu, na ninawaza juu ya wale ambao asubuhi yao haikuwa na mwenzangu wa kuhesabu dakika nzima.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2025 ilionyesha kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 na upungufu wa milioni 5.8, na kwamba muuguzi 1 kati ya 7 anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa. Asilimia 78 ya wauguzi wote wako katika nchi zenye asilimia 49 ya watu wa dunia. Nchi tajiri zinajazia mapengo yao kwa watu waliosomeshwa na nchi zenye mapengo makubwa zaidi. Siwalaumu wanaoondoka, nimewaaga wenzangu watatu kwa machozi na kwa heri zote. Linaloniudhi ni kwamba katika nchi nyingi wapo waliohitimu, wana leseni mkononi, nao hawana ajira, wakati wodi zinakesha na muuguzi mmoja. Idadi ya nafasi za kazi huamuliwa na fedha zilizotengwa, na idadi ya wagonjwa huamuliwa na maradhi, na hizo mbili hazikai meza moja.

Kuhusu sisi wauguzi, sitasema mengi juu ya miguu inayovimba na mgongo unaouma, kwa sababu hayo kila mtu anaweza kuyakisia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua hali ya kuishiwa nguvu kutokana na kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za afya, likataja sura zake tatu: kuchoka kupita kiasi, kujitenga kifikra na kazi, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija. Sura ya pili ndiyo ninayoiogopa. Niliitambua kwangu siku niliposikia sauti yangu ikisema, "14 amefariki, 15 anasubiri kitanda," na mwanafunzi aliyekuwa karibu yangu akauliza kwa upole jina la marehemu. Ilinibidi nifungue faili ndipo nilijue. Nilikuwa nimemwosha mtu yule siku nne mfululizo. Mtu haanzi kazi hii akiwa hivyo. Anafika hapo kwa kukosa, usiku baada ya usiku, dakika za kumpa mgonjwa, na mwishowe moyo unajikinga kwa kuacha kujua majina.

Hapo ndipo ninapoomba neno "wito" lisitumike ovyo. Ninaipenda kazi yangu na sijui kazi nyingine ninayoitaka. Hata hivyo kila tunapolalamika kwamba hatutoshi huja mtu akatukumbusha kwamba uuguzi ni wito, kana kwamba wito huongeza mikono. Mwenye wito naye ana mikono miwili, na kumgeuza mgonjwa kunataka minne.

Tena njia zipo, na zimejaribiwa. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 1999 na kuanza kuitekeleza mwaka 2004, likiweka ukomo wa wagonjwa ambao muuguzi mmoja anaweza kupewa. Jimbo la Queensland nchini Australia lilianza mwaka 2016, kwa wastani wa muuguzi 1 kwa wagonjwa 4 mchana na 1 kwa 7 usiku, katika wodi zilizochaguliwa. Utafiti kuhusu Queensland uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba vifo vilipungua, wagonjwa walikaa hospitalini siku chache zaidi, na fedha zilizookolewa zilizidi mara mbili gharama ya kuajiri wauguzi wa ziada. Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliifunga simu nikakaa kimya kwa muda, kwa sababu tumekuwa tukiambiwa miaka yote kwamba usalama huo ni ghali mno.

Sasa nije kwenye jambo la asubuhi ya leo. Katika mzunguko wa saa 10 alfajiri nilianza na waliofanyiwa upasuaji na wale ambao hali zao zilinitia shaka, nikahesabu pumzi zao kwa dakika kamili kila mmoja. Nilifika wagonjwa 13. Kisha mgonjwa mpya akazidiwa, nikakaa naye mpaka daktari wa zamu alipofika, na muda ukaisha. Visanduku 11 vilibaki vitupu. Kalamu ilikuwa mkononi na namba 20 ilikuwa tayari kwenye vidole. Badala yake niliandika katika kila kimoja "haikuhesabiwa", nikatia saa na sahihi. Mkono ulinitetemeka kama wa mtu anayekiri kosa mbele ya hakimu.

Wakati wa makabidhiano mkuu wa wodi aliyapitia mafaili akasimama kwenye la kitanda cha 9.

"Mdogo wangu, hapa umesahau kujaza."

"Sikusahau, dada. Sikuhesabu."

Akafungua la pili, na la tatu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kuvijaza kabla ya wakaguzi kupita. Nikamwambia kwamba pumzi za saa 10 zimeshapita na siwezi kuzihesabu saa hizi. Alinyamaza kwa muda. Ratiba ile aliipanga yeye mwenyewe, kwa majina aliyokuwa nayo, na ninajua jinsi anavyohangaika nayo kila mwezi. Kisha akavuta daftari la ripoti, akaandika kwa mwandiko wake wa kukoza: wagonjwa 24, muuguzi 1 kuanzia saa 5 usiku, pumzi za wagonjwa 11 hazikuhesabiwa. Akatia sahihi chini yake, akalibana daftari kwapani na kwenda nalo kwenye kikao cha asubuhi.

Sijui alisema nini huko. Leo saa 1 usiku ninaingia tena, na kabla sijatoka niliitazama ratiba ukutani. Imeandikwa majina mawili.