Bahasha ya Shangazi na Sikukuu ya Karume

Basi letu liliondoka Songea kabla ya alfajiri, na hadi tunashuka Mbezi Luis usiku shangazi hakuitoa ile bahasha ya kaki mapajani mwake. Makambako alikula hindi la kuchoma kwa mkono mmoja. Ruaha Mbuyuni, vijana walipotuinulia mafungu ya vitunguu dirishani, aliniambia ninunue mimi, mikono yake ina kazi. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, nakala iliyofifia ya kitambulisho chake cha jeshi, muhtasari wa kikao cha ukoo na picha moja ya mwaka 1979. Pichani marehemu amevaa magwanda, amerudi kutoka Uganda amekonda kama fito.

Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera Oktoba 1978, shangazi alikuwa na mimba ya miezi saba. Kampala ilipoanguka, Aprili 11, 1979, mtoto alikuwa na miezi mitatu na baba yake hajamwona. Haya huwa hayasimulii. Ukimuuliza habari za vita atakwambia tu kwamba mwaka ule sabuni ilikuwa shida.

Ofisi tuliyokwenda kufuatilia mafao ya marehemu siitaji. Ilikuwa tarehe 6 Aprili, tumekaa kwenye benchi tangu saa mbili, tukaitwa saa saba. Karani alikuwa kijana mpole, hilo nalikiri. Alisoma muhtasari mstari kwa mstari, akauliza, "Mama, hapa ukoo umemteua shemeji yako kuwa msimamizi wa mirathi. Yuko wapi?"

"Yuko Namtumbo, analima."

"Basi aje yeye."

"Mwanangu, huyo hata Kyaka kulikopiganwa vita hajui iko wapi."

Kijana akacheka kidogo, akafunga faili. Kesho ni Karume, akasema, rudini keshokutwa.

Usiku ule Kimara nilikaa nikichemka. Mtaani watu hurudia kwamba msimamizi si mrithi, na kisheria ndivyo. Lakini kikao cha ukoo kikishakaa, mjane anabaki kuandaa chai ya wanakikao. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, linasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ililiambia taifa letu, katika shauri la wajane wawili wa Kitanzania, kwamba kanuni za namna hiyo zinakiuka haki zao. Nilimsomea shangazi habari hiyo kwenye simu. Akauliza, "Na hao wajane walishalipwa?" Nikazima taa.

Asubuhi ya sikukuu jiji lilikuwa limelala. Tukapanda mwendokasi Kimara, tukapata viti, jambo ambalo kwa siku ya kazi ni kama kuokota pesa. Tukashuka Posta ya Zamani na kupanda taratibu hadi Sanamu ya Askari. Shangazi alikuwa hajawahi kuiona. Aliizunguka mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini, amesimama hapo tangu 1927. Chini yake kuna maandishi kwa lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya kwanza na wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Hao wapagazi ndio walioachia Kariakoo jina lake.

Kiingereza chake kinaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako wa kiume watalikumbuka jina lako. Nilipomtafsiria, shangazi alinyoosha kidole kwenye jiwe. "Na mpishi wao?"

Swali lake lina mashiko. Msafara wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita hiyo, uliozunguka nchi hii, ukavuka Msumbiji, na mwishowe kusalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25, 1918, haukuwa wa wanaume watupu. Wake wa askari walikuwemo, na watoto. Walibeba mizigo, walipika, wengine walijifungua njiani na kuendelea kutembea. Inasimuliwa kwamba Ujerumani Magharibi ilipokuja kuwalipa askari wale wazee malimbikizo yao Mwanza, mwaka 1964, wengi hawakuwa na vyeti. Ofisa akampa kila mmoja ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Wote wakafaulu. Nilipomsimulia, shangazi alicheka hadi akashika kiuno. Ufagio! Huo mtihani, akasema, wake zao wangeufaulu bila kuamrishwa.

Kwetu Songea angalau jina moja limesalia. Nkomanile, mwanamke mtawala wa Kingoni, alinyongwa na Wajerumani pamoja na wanaume wengi wa Majimaji mwaka 1906. Kamba ilimhesabu sawa na wanaume.

Tukaifuata barabara ya Samora, maduka mengi yamefungwa, wauza karanga wawili watatu. Hapo ndipo nilipomweleza kwa nini nataka tufike makaburini Kinondoni siku hiyohiyo. Josina Machel, mpigania uhuru wa Msumbiji, alifariki jijini humu Aprili 7, 1971, akiwa na miaka 25. Aliwahi kutoroka Msumbiji, akakamatwa Victoria Falls, akarudishwa na kufungwa. Akatoroka tena hadi akafika Dar es Salaam, kwenye makao ya Frelimo, chama cha ukombozi wa nchi yake. Alikuwa miongoni mwa wasichana 25 wa mwanzo wa kikosi cha wanawake waliofunzwa Nachingwea mwaka 1967. Walifundishwa silaha, kisha wakapewa na kazi zilezile za siku zote: kubeba masanduku ya risasi hadi mstari wa mbele, kulea yatima, kuhamasisha vijiji. Wenzetu wa Msumbiji wameifanya tarehe ya kifo chake kuwa siku ya wanawake wao. Sisi siku hiyo tunamkumbuka Karume, aliyeuawa mwaka mmoja kamili baadaye.

Tarehe hizi zina uzito wa ajabu. Ndege ya Habyarimana, rais wa Rwanda, iliyoangushwa Kigali Aprili 6, 1994 ilitoka mkutanoni humuhumu Dar. Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa iliyofuata mauaji ya Rwanda, hukumu ya Akayesu, aliyekuwa meya huko, ya mwaka 1998 ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mahakama hiyohiyo mwaka 2011 ilimtia hatiani Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na wanawake wa Rwanda, kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji. Shangazi alisimama aliposikia hilo. "Waziri wa wanawake?" Akatembea hatua nyingi bila kusema neno.

Makaburini Kinondoni tulimkuta mzee akifyeka majani. Tukamwamkia, nikamuuliza alipozikwa Josina. Akafikiri, akajifuta jasho. "Mke wa Samora? Walishamhamisha zamani, wakampeleka kwao." Akatuonesha kwa panga upande wa mbele, kati ya misalaba, bila kutaja kaburi lolote.

"Alikuwa askari," nikasema.

"Mke wa Samora," akarudia, kwa upole kama anayenisaidia kukumbuka.

Shangazi alikuwa anatazama kule panga lilikoelekea. "Mzee wangu," akasema, "huyo binti alipofariki, mafao yake alichukua nani?"

Mzee akaniangalia mimi. Mvua ya masika ikaanza na matone mazito. Tukakimbilia chini ya mwarobaini, shangazi akaivuta khanga mabegani, akaifunika bahasha.