Siku moja maishani mwangu: kapteni wa boti Naivasha, mnyoo wa plastiki na jigi nyepesi

Saa kumi na nusu alfajiri. Niko nyumbani Karagita, nje bado giza totoro, chai iko jikoni na mimi nimekaa na kisanduku cha jigi mezani, yaani zile ndoana zenye kichwa kizito cha chuma, maana kuanza kufunga ndoana kwenye boti huku mgeni amekaa anakutazama ni kitu sipendi kabisa. Mimi ni kapteni wa boti Ziwa Naivasha. Siku nyingi napeleka watu kuona viboko na ndege, lakini leo ni ile kazi naipenda kuliko zote, kuvua samaki aitwaye besi, au blaki besi kama wengi tunavyomwita huku.

Nachagua vichwa vya jigi kwa uzito. Vya gramu 1.8, vya 3.5 na vichache vya 5. Vya gramu 7 kwenda juu navibakisha nyumbani makusudi, nikivibeba najua mgeni ataviona atavitaka. Minyoo ninayovalisha kwenye jigi kama chambo ni ya plastiki laini, urefu sentimita 10 hadi 15, kijani iliyokolea yenye vidoadoa kwa maji safi na nyeusi yenye buluu kwa maji machafu. Kila mmoja naukunja kidogo mkononi kwanza. Ukiwa mgumu hautacheza majini, na kwa hii style ya kuvua mnyoo usiocheza wenyewe hauna kazi.

Saa kumi na mbili na robo niko ufukweni, baridi imeshika, huku tuko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari kwa hivyo wale wanaokuja na tisheti peke yake wanatetemeka mpaka jua litoke. Kijana wangu wa kunisaidia tayari ameangalia petroli, ameweka makasia, jaketi za kuokolea ziko kwenye viti. Wageni wanafika, mzee mmoja mstaafu kutoka Nairobi na binti yake. Mzee amewahi kuvua trauti kwenye mito ya Mlima Kenya, binti hajawahi kushika fimbo. Naangalia leseni zao, nawavalisha jaketi, halafu mzee anafungua boksi lake na humo ni vijiko vya chuma vizito, vile vya chambo bandia, na jigi kubwa kubwa.

"Kapteni, hiyo yako itafika chini kweli? Naona ni nyepesi sana."

"Itafika mzee. Na vile itachelewa kufika ndio tunataka."

Hapa ndipo mambo yote yalipo na ningetaka mtu yeyote anayeanza kuvua besi alishike hili kabla hajanunua kitu kingine chochote. Besi hakimbizi chakula kutwa nzima, anajificha. Anakaa kwenye kivuli, chini ya mti uliozama, pembeni ya mafunjo, anangoja kitu kipite karibu na mdomo wake. Jigi nzito inapita hapo chwaa imeshafika kwenye tope hata hajaamua. Jigi nyepesi inashuka polepole, mkia wa mnyoo unatikisika wenyewe bila wewe kufanya lolote, na samaki anapata muda wa kuiona, kuisogelea na kuivuta ndani ya mdomo. Mara nyingi sana anaichukua ikiwa bado inashuka, haijagusa chini. So uzito unaochagua ni muda unaompa samaki.

Saa moja kasoro tunaingia kwenye miti. Kama hujafika Naivasha miaka hii ya karibuni, maji yalipanda sana hasa kuanzia 2019 na 2020, mitaa kama Kihoto iliingiliwa na maji watu wakahama, na migunga mingi iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama ndani ya ziwa, mikavu, myeupe. Ni huzuni kwa waliopoteza nyumba zao, hilo nalisema kila safari maana kuna wageni wanapiga picha tu. Lakini kwa besi ile miti ni makazi mapya. Nazima injini mbali, tunaenda kwa kasia. Viboko wako watano upande wa kulia, nawaacha nafasi kubwa na siingii kamwe kwenye vihori vidogo vya mafunjo ambako sioni njia ya kutokea. Kiboko akizama naangalia mapovu yanaelekea wapi kabla sijasogeza boti hata hatua moja.

Nawafungia jigi ya gramu 3.5, ile ya kichwa cha mviringo, mnyoo umevalishwa ncha ya ndoana imefichwa ndani ya plastiki ili isinase kwenye matawi. Mshipi mwembamba wa florokaboni (aina ya plastiki) unaohimili ratili 8, rili ndogo ya kawaida ya kuzungushia mshipi, fimbo nyepesi ya kama mita 2 yenye ncha laini. Mshipi mnene hapa unaharibu kila kitu kwa sababu maji yanaukamata na jigi haishuki vizuri, inaelea elea tu.

Binti nampa maelekezo mafupi. Rusha pita shina kidogo, fungua rili, acha mshipi uwe legelege ila usiwe mwingi mpaka ukashindwa kuuona. Usiangalie fimbo, angalia pale mshipi unapoingia majini. Jigi ikifika chini mshipi unalala. Hapo usivute, tikisa ncha ya fimbo kidogo sana, unatikisa ule ulegevu wa mshipi, jigi yenyewe ibaki palepale na mkia umesimama juu unatetemeka. Hesabu pole pole mpaka kumi. Sogeza kidogo. Rudia.

Mzee naye anavuta haraka haraka, mazoea ya vijiko. Namwambia, mzee wangu, punguza. Anapunguza. Anaharakisha tena.

Kama saa moja na dakika arobaini hivi mshipi wa binti unasimama. Hakuna aliyevuta, hakuna kilichogonga, yaani jigi ilikuwa bado inashuka na mshipi uliokuwa unaingia majini ukaacha kuingia, kisha ukaanza kwenda pembeni taratibu kuelekea kwenye shina. Yeye hakusikia kitu mkononi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, dada, yuko tayari, zungusha rili mpaka uhisi uzito kisha egemeza fimbo pembeni, usirushe juu. Hii ndoana ni ya waya mwembamba, haitaki nguvu za kung'oa mti, inataka mvuto mrefu usiokatika. Fimbo ikapinda. Samaki akaruka, mdomo wazi anatikisa kichwa, akajaribu kurudi kwenye matawi na kijana wangu akasukuma boti kinyume kwa kasia, hiyo ndiyo kazi yake muhimu kuliko zote siku nzima. Besi wa kama kilo moja na kidogo. Mgongo wa kijani, mstari mweusi umepita ubavuni, mdomo umefika nyuma ya jicho. Nikalowesha mkono, nikamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, na kooni mwake tukaona ncha mbili za magando mekundu zimechomoza. Kreifishi, yaani kamba wa maji baridi. Alikuwa bado anameza mmoja na akachukua mnyoo wetu juu yake!

Ikabidi niwaeleze. Besi kwao ni mashariki mwa Amerika Kaskazini, aliletwa Naivasha 1929. Kreifishi mwekundu wa Louisiana akaletwa 1970. Kwa hiyo samaki wa Marekani anashiba kwa kreifishi wa Marekani ndani ya ziwa la Bonde la Ufa, na ndiyo maana jigi yenye mnyoo mfupi inayotambaa chini inafanya kazi hapa, kreifishi akistuka anarudi kinyumenyume kwa kurusha mkia halafu anatulia chini na magando juu. Mnyoo uliosimama mkia juu kwenye tope unafanana naye kabisa.

Saa mbili na nusu mzee amenasa. Jigi imeingia kwenye panda la tawi. Alitaka kuvuta kwa nguvu nikamzuia. Kaza mshipi kidogo, ubane kwa vidole viwili kati ya rili na kitundu cha kwanza cha fimbo, uvute kama uzi wa upinde, kisha uachie ghafla. Mara ya tatu jigi ikaruka ikatoka. Na hapo hapo ilipoanguka chini ya lile tawi, tik, mgongano mmoja mdogo. Mzee akazungusha, akaegemeza, akapata. Mdogo kuliko wa binti yake lakini furaha aliyokuwa nayo ni ya mtoto. Baada ya hapo boksi la vijiko halikufunguliwa tena.

Saa tatu tunahamia upande wa Crescent Island. Kile kisiwa ni ukingo wa kreta ya volkano iliyozama, kwa hivyo kina kinaongezeka haraka na kuna mawe, wakati sehemu kubwa ya ziwa ni tope na kina kifupi. Hapa hakuna matawi mengi, nabadilisha. Natoa jigi ya gramu 1.8 yenye kichwa bapa kama uyoga, ndoana wazi, na kipande cha mnyoo cha sentimita 7 tu. Hii staili Wamarekani wameipa jina la Ned Kehde, mzee wa Kansas aliyeieneza kwa maandishi yake. Minyoo ya plastiki yenyewe ni ya zamani, Nick Creme na mkewe waliitengenezea nyumbani kwao Akron, Ohio, 1949. Naona ni muhimu watu wajue, kuna binadamu walikaa jikoni wakachemsha plastiki mpaka ikafanana na mnyoo.

Kwenye mawe kazi ni ndogo zaidi. Rusha, acha ishuke, vuta taratibu bila kuinua fimbo, simama. Ukihisi gonga gonga ngumu hayo ni mawe. Ukihisi uzito laini kama kuna kitu kimeshikilia bila kutikisika, zungusha rili. Tukapata wengine hapo, wadogo, wote tukawarudisha. Furukombe alikuwa juu ya mti anatupigia kelele muda wote huo.

Mmoja nilikataa tusimsumbue. Kwenye maji mafupi karibu na majani kulikuwa na duara safi chini na besi mmoja juu yake haondoki hata boti ikikaribia. Huyo ni dume analinda mayai. Ukimtupia mnyoo atauchukua, si kwa njaa, anautoa kwenye kiota. Ukimtoa yeye hata dakika chache samaki wadogo wanaingia wanakula mayai yote. Mzee aliuliza kama tunaweza kumpata kwa picha tu na nikamwambia hapana mzee, naomba tumwache. Ziwa hili limebeba mengi. Samaki anayeitwa komoni kapu aliingia karibu 2001 na sasa ndiye anayejaza nyavu za wavuvi, anachimbua tope chini maji yanachafuka, na besi anawinda kwa macho. Dume anayelinda kiota asipopata msaada wetu, kuna nini tutavua miaka ijayo?

Saa tano na nusu upepo unaanza. Naivasha asubuhi ni kioo, mchana mawimbi. Upepo ukipinda mshipi hutaona tena ule mstuko mdogo, na jigi ya gramu 1.8 inabebwa tu. Wengi hapo wangefunga uzito mkubwa waendelee. Mimi nafunga siku, kwa usalama na kwa sababu uvuvi huu unategemea macho. Saa sita tuko nchi kavu, wageni wanakula, wananishukuru, wanaenda.

Mchana ni kuosha boti, kulala kidogo, kwenda mjini kununua mshipi. Saa tisa hivi nakaa na minyoo iliyochanika. Ule uliochanika kichwani naukata, unakuwa mfupi, tayari kwa kichwa cha uyoga. Uliopasuka ubavuni napitisha moto wa kiberiti cha gesi pembeni mwa ufa, plastiki inayeyuka kidogo, nabana, inashika. Ambayo haifai kabisa inaingia kwenye chupa na kutupwa nchi kavu. Haitupwi ziwani hata kipande, samaki wanaimeza na inakaa tumboni.

Saa kumi na moja jioni upepo umelegea, namfundisha kijana wangu. Anafumba macho, nadondosha jigi kutoka gatini, yeye anashika mshipi kwa kidole cha shahada na kuniambia chini kuna nini. Tope, jigi inazama kidogo na kutoka kwa uzito kama imenyonywa. Jiwe, inagonga na kuruka. Mti, inapanda, inasimama, kisha inaanguka upande wa pili. Leo alipata karibu yote, alichanganya majani na tope tu, na hayo hata mimi nayasikiliza kwa makini. Nataka mwaka ujao abebe wageni wake mwenyewe.

Saa mbili usiku. Wingu ni zito upande wa Nyandarua, ikinyesha huko Mto Malewa utaleta maji ya kahawia kesho upande wote wa kaskazini. Nimetoa minyoo ya kijani kwenye kisanduku, nimeweka myeusi yenye buluu na jigi za gramu 3.5, na nimemwandikia mgeni wa kesho kwamba tutaanzia kusini, afike saa kumi na mbili kamili, aje na sweta, vijiko vizito aviache nyumbani.