Kalafati na mbao

Tangu Jumanne usiku nasikia swali moja tu kichwani, kwa sauti ya Baba: "Kalafati na mbao ni mamoja?"

Kalafati ni ile kazi ya kuziba nyufa za chombo. Hakuuliza kwa ukali, na labda ndiyo sababu swali limenikaa. Alikuwa dakani, pale barazani mlangoni, baada ya magharibi, kikombe cha kahawa mkononi, nami nimemfungulia kompyuta nimwoneshe kazi yangu ya muhula. Mnakumbuka niliwaambia mwalimu wa uzamili ametaka kila mmoja achague mali halisi ya kudumu, aifuate tangu iliponunuliwa hadi leo kwa kanuni za IAS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali kama majengo, mitambo na vyombo. Wenzangu wa Nairobi walichukua malori na mitambo ya kuchapa. Mimi nikachukua jahazi la Baba, nikafurahi mno, kwa sababu daftari lake lipo, lote kwa hati za Kiarabu, na alikuwa amenisomea ukurasa kwa ukurasa.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Jahazi lilishuka majini Matondoni, hapa Lamu, mwaka 2008 kwa shilingi 1,200,000. Nikalikadiria kutumika miaka 15, uchakavu (thamani inayopungua kwa kutumika) wa 80,000 kila mwaka, na mwisho wa 2022 likafika sifuri. Jedwali likafunga vizuri, bila hata senti kupotea.

"Hapa mwisho, mwanangu, mbona pana sifuri?"

"Ndiyo thamani yake vitabuni, Baba. Uchakavu umeimaliza."

"Jahazi limekwisha?"

"Vitabuni tu, Baba."

Akanyamaza kidogo. "Jumamosi limeleta mawe kutoka Manda."

"Najua, Baba."

"Na zile mbao za ubavuni za mwaka 2023, umeziandika wapi?"

"Kwenye matengenezo."

"Na kalafati?"

"Huko huko."

"Kalafati na mbao ni mamoja?"

Kisha akaweka kikombe chini, akaenda kutia udhu.

Wiki hii dada amejifungua mapacha, na mtihani wa hesabu za kampuni mama na tanzu zake umepita salama, alhamdulillahi, lakini mimi nimekuwa nikirudi dakani pale. Iliniuma sana. Mbao zile zilimgharimu 260,000. Aliuza dau la marehemu babu ili azinunue, na binti yake anayesomea uhasibu amezitia katika mstari mmoja na pamba na mafuta ya kuzibia nyufa, zikaliwa na mwaka uleule, zisionekane tena.

Usiku wa Alhamisi, umeme uliporudi, nikafungua IAS 16 na kusoma taratibu, bila kutafuta jibu la mtihani. Aya ya 12 inasema gharama za utunzaji wa kila siku ziende moja kwa moja kwenye faida na hasara. Hiyo ni kalafati, hiyo ni sifa, yaani mafuta ya papa, na shahamu anazopaka kila chombo kinapopwelewa. Aya ya 13 inafuata papo hapo: sehemu ikibadilishwa, na mpya ikatimiza masharti ya kutambuliwa kuwa mali, gharama yake iingizwe kwenye thamani ya mali, na ile ya zamani iondolewe. Hizo ni mbao. Nililia kidogo, nawaambia kweli. Viwango hivi vimetumika Kenya tangu 1999, na Baba, ambaye hajawahi kuviona, alikuwa ameuliza swali la mpaka wa aya mbili.

Halafu ile miaka 15. Nilikuwa nimeiokota katika mfano wa darasani, na mfano wenyewe ulihusu mashine ya kiwandani. Aya ya 51 yataka muda wa matumizi uangaliwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu. Makadirio yakibadilika kwa sababu umejua jipya, IAS 8, kiwango kinachohusu mabadiliko ya makadirio na makosa, hukutaka urekebishe kuanzia sasa kwenda mbele. Lakini kama habari ilikuwapo na hukuichukua, hilo ni kosa, na kosa husahihishwa kwa kurudi hadi hesabu za miaka ya nyuma. Habari ilikuwa imekaa dakani na kikombe cha kahawa. Nimeandika kosa.

Ijumaa baada ya sala nikaenda naye kwenye ukuta wa pwani, maji yamekupwa, jahazi limelalia ubavu. Nikamwambia, "Baba, nataka nilivunje jahazi vipande, kila kipande na umri wake." Uso wake ulifunguka! Akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole: tanga hili miaka mitatu likitunzwa, foromali (boriti inayobeba tanga) kumi, mlingoti huu zaidi ya ishirini, mataruma haya, mbavu za chombo, nusu yake ni ya juzi. Niliandika mpaka kalamu ikagoma. Tulipofika kwenye mkuku, uti wa chombo chini kabisa, akaupapasa, akasema, "Huu utanizika."

Nikamwuliza, "Niandike miaka mingapi, Baba?"

"Andika hivyo hivyo."

Safu ya miaka haipokei maneno, nami sitaki kuweka tarakimu ya kubahatisha chini ya mkono wake. Kazi inatakiwa Jumatatu. Mistari mingine yote imejaa, mbao zina mstari wao peke yao na thamani yao imo, na chini ya jedwali hamna sifuri tena. Nilipomwonesha alisoma mstari wa mbao mara mbili, akasema "Haya," na akaniuliza kama nimekula.

Lakini kuna hili la kisima. Chai ya leo asubuhi ilikuwa na chumvi, na Mama amesema hata ya jana. Amewasha jiko tena na kumwaga ile ya kwanza, hakusema zaidi. Mapacha wanakuja kukaa kwetu kesho kutwa pamoja na mama yao, na sijui tutawaogesha kwa maji gani.