Silika, feni na kapsuli zangu za mlonge

Mradi wangu wa mwisho wa diploma ya famasia niliudhania wa wiki moja: kausha majani ya mlonge, saga, jaza unga kwenye kapsuli za saizi 0, pima uzito, andika ripoti. Ulinila wiki tano. Ilikuwa Mei, masika yameshika, na Mombasa ya Mei mnaijua: shuka hazikauki, chumvi mezani inalowa hata ukiitilia punje za mchele, na kila kilicho unga kinataka kuwa donge.

Ulipotoka kwenye mashine, unga wangu ulikuwa laini kama poda ya mtoto. Ukakaa mezani asubuhi moja tu, ukaanza kushikana. Ubao wa kujazia kwa mkono una matundu 100. Unamwaga unga juu, unausambaza kwa kipande cha plastiki, nao unashuka kwenye vikopo vya kapsuli vilivyokaa ndani ya matundu. Wangu haukushuka. Ulikaa juu ya tundu kama kifuniko, chini patupu. Nikigonga, unaanguka kwa mkupuo hapa na jirani anakosa. Nikapima kapsuli 20. Wastani ulikuwa mg 320, lakini moja ilikuwa na 268 na nyingine 351. Kwa kapsuli za mg 300 kwenda juu, famakopia ya Uingereza, yaani kitabu chao cha viwango vya dawa, inaruhusu tofauti ya asilimia 7.5, kwangu mimi mg 24 kila upande. Mbili kati ya 20 zaweza kuvuka hapo, ila hata moja haitakiwi kuvuka maradufu. Ile ya 268 ilikuwa imepungua 52. Nimefeli.

Mwalimu alitazama, akauliza neno moja: "Silika umetia?"

Sikuwa nimetia. Silika ya koloidi ni unga mweupe mwepesi ajabu, lita nzima ina gramu 50 hivi. Soma karatasi inayokuja ndani ya boksi la vidonge, mara nyingi utaikuta kwenye viambato visivyo dawa. Kwenye vyakula huandikwa E551. Chembe zake ni za nanomita 12 hivi (nanomita ni milimita moja igawe mara milioni), na gramu moja ya aina tuliyokuwa nayo ina uso wa mita za mraba 200. Hiyo ni karibu nusu ya ploti ya futi hamsini kwa mia, na yote umeishika kiganjani. Chembe hizo hujipaka juu ya punje za unga zisigusane, vile tunavyonyunyiza unga mkavu juu ya madonge ya chapati.

Nilipomweleza mamangu jioni, alisita na kijiko mkononi. "Kwa hivyo mwatulisha mchanga?" Hakukosea sana. Mchanga wa mtoni kwa sehemu kubwa ni silika hiyo hiyo, lakini ile ni fuwele, chembe zake zimejipanga kwa mpangilio maalumu. Vumbi lake likivutwa miaka na miaka huharibu mapafu. Ya dawa haina umbo la fuwele. Barakoa nilivaa vilevile, maana vumbi ni vumbi.

Kwa unga wa gramu 200 nilihitaji asilimia 0.5, yaani gramu moja. Ilijaza karibu nusu ya kikombe cha kahawa chungu. Nikaimimina, na feni ya darini inazunguka. Sikumaliza kumimina, wingu jeupe likapita mbele ya macho yangu. Mzee anayetunza maabara hakuinua hata kichwa: "Zima feni kwanza, mwanangu."

Mara ya pili feni ilizimwa, jasho likatiririka, na silika ikabaki vidoto vyeupe ndani ya ukijani. Kumbe nayo hushikana yenyewe kwa yenyewe. Mzee akanionyesha: chukua unga kiasi cha silika, pitisha vyote viwili pamoja kwenye chekeche laini, changanya, ongeza unga kiasi kile kile ulicho nacho, changanya tena, hivyo hivyo mpaka uishe. Magnesiamu stearati, kilainishi cha kuzuia unga usigande kwenye vifaa, nikaitia mwisho kabisa, dakika chache tu.

Hapo nikaingiwa na tamaa. Kama nusu inafaa, mbili je? Kwa asilimia 2 unga ulivimba, ukajaa hewa, kapsuli zikajaa pomoni na wastani ukashuka hadi mg 290. Nikarudi kwenye 0.5.

Kipimo kilichonifurahisha ni cha faneli. Unamwaga unga uwe kilima, unapima kimo na upana; kilima kikilala, unga unatiririka vizuri. Kabla ya silika kilima kilikuwa na upana wa sm 9 na kimo cha sm 4.8, mteremko wa digrii 47. Baada yake, upana sm 10.4 na kimo sm 3.6, digrii 35. Kilikuwa kimelala chenyewe.

Kwenye ripoti niliongeza aya kuhusu MCM-41, silika yenye vitundu ndani yake ambayo wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Mobil waliitangaza 1992. Uso wake hufika mita za mraba 1,000 kwa gramu, ploti mbili na ushee. Mwaka 2001 mwanakemia María Vallet-Regí na wenzake huko Uhispania walipakia ibuprofeni, dawa ya maumivu, ndani ya vitundu hivyo ili itoke polepole. Mimi kazi yangu ilikuwa kuifanya mlonge iteremke tundu, basi.

Na bado nikaharibu tena. Kwa kuogopa unyevu nilizifungia kapsuli ndani ya chupa na vifuko sita vya jeli ya silika. Baada ya siku kumi nilifungua moja ikapasuka kama ganda la njugu. Ganda la jelatini linahitaji maji ya asilimia 13 hadi 16. Nilikuwa nimelikausha mpaka likawa bua. Nikajaza upya, safari hii kwa kifuko kimoja kidogo.

Ishirini za mwisho nilizipima Ijumaa kabla ya sala. Ya chini 304, ya juu 337. Feni imezimwa, shati limenigandia mgongoni.