Betri Zilizoonekana Zimejaa

Zahanati ninayoitunzia umeme wa akiba iko Moshi mjini, upande wa Pasua. Ina jokofu la chanjo, taa za chumba cha kujifungulia, darubini ya maabara na kompyuta moja ya mapokezi. Umeme wa gridi ukikatika, vitu hivyo huhamia kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, ya volti 24 inayolishwa na betri mbili za risasi, zile za kujazwa maji, zilizounganishwa kwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 12 na ampea-saa 200. Kwa hesabu ya karatasi, betri hizo hubeba wati-saa 4,800. Ukijizuia kutumia nusu tu, kama inavyofaa kwa betri za risasi, na ukiondoa kiasi kinachopotea ndani ya inveta, mzigo wetu wa wati 300 hivi ungepaswa kuendelea kwa takriban saa saba. Usiku mmoja wa mwezi Machi, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, uliendelea kwa dakika 40.

Nilipofika, saa nane kasoro za usiku, nesi wa zamu alikuwa amekwisha kuzihamishia chanjo kwenye kasha la baridi lenye barafu, na kwa hiyo hakuna kilichoharibika isipokuwa usingizi wetu na heshima yangu. Heshima naitaja kwa sababu siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimezipima betri hizo kwa mita, nikapata volti za kuridhisha kwa zote mbili, na nikaandika katika kaunta buku neno moja: "nzuri".

Kosa langu lilikuwa kuzipima zikiwa zimetoka tu kwenye chaja na hazina mzigo wowote. Betri ya risasi inapotoka kuchajiwa hubaki kwa muda na volti ya juujuu ambayo haitoki katika akiba yake halisi, na ni lazima ipumzike saa kadhaa kabla kipimo hicho hakijawa na maana. Hata ikipumzika, volti huonyesha tu hali ya chaji. Haikuambii ni sehemu gani ya mabamba ya risasi bado inafanya kazi, jambo ambalo hujulikana pale unapoitwika betri mzigo. Asubuhi yake nilizichaji upya, nikawasha jokofu na taa, nikasimama na mita mkononi. Betri ya kwanza ilishuka taratibu hadi 12.2 na kutulia hapo. Ya pili ilipita 11, ikapita 10, na ilipofika chini ya 9, inveta ikapiga kelele na kujizima, kwa kuwa jumla ya zote mbili ilikuwa imeshuka chini ya volti 21 ilizopangiwa kama kikomo. Katika mfululizo, betri mbovu haiombi msaada kwa jirani yake: huwazuia wote wawili.

Nilipofungua vizibo vya ile ya pili, nilikuta seli mbili ambazo maji yake yalikuwa yameshuka hadi mabamba yakaonekana. Sehemu ya bamba inayokaa nje ya maji hukauka na kuharibika, na tindikali iliyobaki chini huzidi ukali kwa sababu kinachopotea ni maji peke yake. Nilijaza maji ya betri yaliyosafishwa, nikachaji usiku kucha, kisha nikatumia haidromita, kile kichupa chenye boya kinachopima uzito wa tindikali. Seli iliyojaa chaji vizuri husoma karibu 1.265 hadi 1.280. Nne zilisoma hivyo. Zile mbili ziligoma kwenye 1.150, maana yake salfeti ya risasi ilikuwa imeganda juu ya mabamba kwa chembe ngumu ambazo chaji ya kawaida haiwezi tena kuziyeyusha.

Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa kwa nini moja tu. Jibu lilikuwa ukutani. Betri ya pili ilikaa chini ya dirisha la magharibi, na chumba chenyewe kimeezekwa bati bila dari. Moshi si Arusha: tuko chini yao kwa mita 500 hivi, na joto la Februari na Machi hapa huvuka nyuzi 30 bila shida, huku ndani ya chumba kile saa kumi jioni kipimajoto changu kikisoma 38. Maisha ya betri ya risasi huhesabiwa kwa nyuzi 25, na kwa kila nyuzi nane hadi kumi zinazozidi hapo, maisha hayo hupungua karibu nusu. Juu ya hayo, fundi aliyefunga chaja kabla yangu aliiacha kwenye volti 14.4 kwa kila betri muda wote. Volti hiyo inafaa kwa saa chache za kumalizia chaji, lakini betri ikiisha kujaa inatakiwa kushikiliwa kwenye 13.5 hadi 13.8, na chini kidogo ya hapo mahali pa joto. Kwa 14.4 bila kupumzika, umeme unayachemsha maji na kuyagawa kuwa hidrojeni na oksijeni. Tulikuwa tunaikausha betri kwa bili yetu wenyewe, na pia tunajaza chumba gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Kile kitundu cha hewa nilichokuta kimezibwa na kiota cha ndege ndicho nilichokishughulikia kabla ya kitu kingine chochote.

Mweka hazina, mama mmoja makini ambaye shilingi yake haitoki bila maelezo, aliuliza: "Sasa mwanangu, iliyokufa ni moja, kwa nini tununue mbili?" Nilimjibu kwamba betri mpya ikifungwa pamoja na iliyochoka, chaja haiwezi kuwatendea haki wote wawili: ile ya zamani hujaa haraka na kuchemka, mpya hubaki na njaa, na baada ya mwaka utakuwa na mbovu mbili. Alikubali, kwa sharti kwamba safari hii nitunze kumbukumbu za kueleweka. Aliuliza pia kuhusu betri za lithiamu. Ni nzuri, hustahimili kutumiwa kwa kina na hazihitaji maji, lakini chaja yetu haikutengenezwa kwa ajili yake, na fedha za kubadilisha vyote hazikuwepo.

Betri chakavu nilizipeleka kwa mnunuzi zikiwa na tindikali yake ndani. Wapo wanaoimwaga kwanza ili kubeba mzigo mwepesi, na huku kwetu kinachomwagwa kikiingia kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, kitafika kwenye migomba na mboga za mtu.

Mpya sasa zinakaa upande wa mashariki, juu ya mbao, zikiwa zimeachiana nafasi ya vidole vitatu. Kila mwezi naangalia maji baada ya kuchaji na si kabla, kwa sababu chaji huyapandisha na ukijaza mapema yatafurika. Naongeza maji ya betri tu, kamwe si tindikali, na si ya bomba, ambayo hubeba chumvi za ardhi yetu. Unga mweupe ukiota kwenye vichwa vya betri nauosha kwa magadi kidogo yaliyoyeyushwa, vizibo vikiwa vimefungwa kabisa, kwani tone likiingia ndani litaua tindikali yenyewe. Kisha nakaza nati na kupaka grisi. Pete naivua, na mpini wa spana nimeuzungushia utepe, tangu siku nilipoona cheche za spana iliyolalia vichwa viwili. Jenereta ya zahanati nayo naiwasha siku hiyohiyo na kuipa mzigo kwa nusu saa, huku nikiikagua na betri yake ya kuwashia, ambayo kila mtu huisahau.

Lililobadilika kabisa ni kipimo. Jumamosi ya kwanza ya mwezi nazima swichi kuu kwa saa moja, baada ya kumjulisha nesi, na naandika volti za kila betri mwanzoni, dakika ya 30 na dakika ya 60, zikiwa kazini. Jumamosi iliyopita betri A ilimaliza na 12.4 na betri B na 12.3. Mwezi uliotangulia zote zilikuwa 12.4. Nilikagua, nikakuta nati moja ya B imelegea, nikaikaza, na nilikuwa bado nimechuchumaa pale nesi alipochungulia mlangoni. "Kaka, umekatika kweli au ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Bado dakika nane."