Jumamosi nne za kubishania nani apewe Alien

Kijiwe chetu ni cha watu saba. Tunakutana kila Jumamosi baada ya magharibi huko Magomeni, uani kwa fundi simu ambaye ndiye mwenye projekta. Shuka jeupe la kuonyeshea tunaazima kwa mama yake, spika naleta mimi, na kahawa tunanunua kwa muuza kahawa anayepita na birika lake mida ileile. Tunaangalia filamu za sayansi ya kubuni tu: vyombo vya anga, sayari za mbali, madude. Na katika zote hizo, mfululizo tulioukariri ni Alien, ule wa dude la angani linalowawinda watu.

Mwaka 2025 Fede Álvarez, aliyeongoza Alien: Romulus ya mwaka 2024, alisema mwendelezo wake hataongoza yeye. Angebaki mtayarishaji pamoja na Ridley Scott, na muongozaji mpya alikuwa anatafutwa. Uani kwetu habari hiyo iliingia kama kocha kafukuzwa katikati ya msimu. Fundi alimtaka James Cameron, aliyeongoza filamu ya pili, arudi. Mwalimu wetu mstaafu, mkubwa kuliko sote, alisema kazi irudi kwa Scott aliyeianzisha mwaka 1979. Binamu yangu akashika jina la Neill Blomkamp wa Afrika Kusini. Nesi, ambaye ndiye dada pekee kijiweni, alisema safari hii apewe mwanamke, akamtaja Coralie Fargeat wa Ufaransa. Vijana wawili wa chuo walikuwa wanahama kambi kila wiki.

Ikawa ligi. Filamu hazikuangaliwa tena. Watu walikuja kubishana, projekta ikiwaka bure. Kila hoja ilikuwa ya fedha: hii iliingiza kiasi gani, ile ilifeli. Siku moja fundi, kwa hasira, akamwambia mwalimu, "Wewe unamtaka Scott kwa sababu mmezeeka pamoja." Kimya kikatanda. Mwalimu akavaa kandambili zake, akaaga kwa upole na kuondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia.

Kile kijiwe ni kitu ninachokithamini sana. Kwa hiyo Jumanne nikaenda kwake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa, mwalimu. Nimekuja mwenyewe."

Tulikaa barazani karibu saa nzima. Hakulalamika kuhusu maneno ya fundi hata kidogo. Alichosema ni kwamba alichoshwa na kusikia majina bila kuona kazi. "Mnabishana kama watu wanaochagua mchumba kwa kusimuliwa," aliniambia. Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo, na kutokana nayo nikatunga utaratibu. Fundi niliongea naye pembeni. Ni mtu mwema, na alikuwa ameshajutia. Alikwenda kwa mwalimu mwenyewe na kilo mbili za sukari, akaomba radhi. Yaliyosemwa kati yao siyajui na sikuuliza.

Utaratibu ulikuwa huu: Jumamosi nne, na hakuna kutaja jina la muongozaji bila kuleta kipande cha kazi yake kisichozidi dakika kumi. Mapato ya filamu hayatajwi. Na lililoleta mageuzi kuliko yote: kila mtu anamtetea mgombea wa mwenzake. Fundi alipewa Scott. Mwalimu alipewa Cameron. Binamu alipewa Fargeat, na nesi akapewa Blomkamp.

Fundi alikataa mwanzoni, lakini Jumamosi ya kwanza alifika amejiandaa kuliko nilivyotarajia. Hakuleta meza ya chakula, lile tukio la dude kutoka kifuani ambalo kila mtu analijua. Alileta nahodha Dallas akitambaa kwenye njia za hewa za chombo na kurunzi lake, wenzake wakifuatilia nukta mbili kwenye kifaa, moja yake, nyingine ya dude. Tuliangalia mara ya kwanza na sauti, mara ya pili bila sauti. Bila sauti ndipo tulipoona kwamba dude lenyewe linaonekana kufumba na kufumbua tu. Vyote vilivyobaki ni giza, jasho na uso wa mtu anayegeuka huku na huku. "Anatuonyesha asichotuonyesha," fundi akasema. Naona hakuna aliyewahi kumsifu Scott uani pale vizuri kuliko hivyo.

Kisha akatusimulia kuhusu mtu aliyekuwa ndani ya vazi la dude. Mimi nilikuwa sijui. Ni Bolaji Badejo, Mnigeria, mwanafunzi wa sanaa jijini London, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2. Waliokuwa wanatafuta mwigizaji walimwona baa, na mtu mwembamba mwenye mikono mirefu namna ile ndiye hasa waliyemhitaji, ili mtazamaji asione kwamba ndani ya lile vazi kuna binadamu. Akafundishwa kutembea polepole, kwa mazoezi ya tai chi. Hakuigiza filamu nyingine. Alifariki mwaka 1992 akiwa na miaka 39, kwa selimundu. Nesi aliposikia neno hilo aliinamisha kichwa. Wodini kwake anawauguza watoto wa selimundu kila siku. Tulirudia kipande kile mara ya tatu, na safari hii tulikuwa tunamwangalia Badejo.

Mwalimu naye, Jumamosi ya pili, alimtetea Cameron kwa moyo mweupe. Alieleza kwamba Cameron alipopewa Aliens ya mwaka 1986 hakujaribu kumwiga Scott. Dude moja likawa kundi zima, hofu ya nyumba yenye jini ikawa hofu ya vita, na Ripley, yule mama aliyenusurika, akawa steringi kamili. Alileta tukio la askari wanaosikiliza kifaa kikilia kwa kasi zaidi na zaidi, huku vipimo vikionyesha madude yameshaingia chumbani na macho hayaoni kitu, hadi mmoja ainue uso kwenye dari. Vijana wa chuo walipiga kelele. Mwalimu alicheka hadi miwani ikamwanguka.

Halafu akaongeza jambo ambalo ndilo lililogeuza mjadala wote. Akasema, hebu angalieni walikuwa nani siku walipopewa. Scott alikuwa na filamu moja tu ndefu nyuma yake, ya mwaka 1977, na miaka mingi ya kutengeneza matangazo. Cameron alikuwa na The Terminator ya mwaka 1984, na kabla yake filamu ya samaki wauaji asiyoipenda mwenyewe. Álvarez, mzaliwa wa Uruguay, alianza kujulikana mwaka 2009 kwa filamu fupi ya maroboti wakishambulia Montevideo, aliyosema ilimgharimu kama dola 300. Hakuna aliyekuwa jina kubwa. Walikuwa watu wenye kiu ya kazi, na kazi yao ndogo ilionekana.

Kipande cha David Fincher nilikileta mimi, kwa sababu hakuwa mgombea wa mtu yeyote na nilitaka awe onyo. Alien 3 ya mwaka 1992 ilikuwa filamu yake ya kwanza. Kabla yake, Vincent Ward alikuwa ameshapanga hadithi ya sayari ya mbao yenye watawa. Akaondoka, na Fincher akaingia wakati hadithi bado haijakamilika, studio ikimwingilia katika kila uamuzi. Filamu inaanza kwa kuwaua Hicks na mtoto Newt, watu ambao Cameron alihangaika filamu nzima kuwaokoa. Fincher mwenyewe ameikana. Miaka mitatu baadaye akaongoza Se7en, na dunia nzima ikajua uwezo wake. Ndiyo maana ninasema bila kusita kwamba lile kosa halikuwa la muongozaji. Mtu yuleyule, akiachiwa hadithi iliyokamilika, alitoa kazi inayosimama hadi leo. Sisi wapenzi wa mfululizo huu tumetumia miaka mingi kuuliza apewe nani, na tumeuliza mara chache mno anakabidhiwa nini.

Jumamosi ya tatu umeme ulikatika nesi akiwa katikati ya District 9, filamu ya Blomkamp, tukamalizia kwenye kompyuta mpakato, vichwa saba mbele ya kioo kimoja. Alichagua tukio la afisa anayepita kibanda kwa kibanda akiwasainisha viumbe wa angani karatasi za kuhamishwa. Filamu hiyo ilipigwa picha Chiawelo, Soweto, mahali ambapo watu halisi walikuwa wanahamishwa, na jina lake linaikumbuka District Six ya Cape Town, iliyotangazwa kuwa ya weupe mwaka 1966, na zaidi ya watu 60,000 wakaondolewa. Nesi alisema huyu anajua kwamba dude likitua, la kwanza kufika ni karani mwenye fomu. Tulijua pia kwamba mwaka 2015 Blomkamp alikuwa na mpango wa Alien wa kumrudisha Ripley pamoja na Hicks, na mpango huo ukafa. Binamu yangu hajausamehe uamuzi huo mpaka leo, na ninamwelewa. Lakini mwalimu alikumbusha jinsi District 9 ilivyowachora Wanigeria, majambazi na washirikina watupu, hadi serikali ya Nigeria ikalalamika. Wiki mbili tu baada ya kumjua Badejo, jambo hilo lilituuma. Kura yangu Blomkamp aliipotezea hapo.

Jumamosi ya nne binamu alileta The Substance ya Fargeat, ya mwaka 2024. Filamu nzima isingefaa mbele ya mwalimu, maana ni mtu wa rika la baba zetu, hivyo akachagua mwanzo wake tu. Kiini cha yai kinachomwa sindano, na ubavuni mwake kinajitokeza kiini cha pili. Kisha nyota ya mwigizaji iliyowekwa kwenye njia ya watu Hollywood inatazamwa kutoka juu: inazinduliwa, watu wanapiga picha, miaka inapita, inapata nyufa, hadi mtu anaidondoshea chakula. Hakuna mazungumzo ya maana mle, ila maisha yote ya mwanamke yameshaelezwa. Fundi aliomba turudie. Binamu, ambaye mwezi mmoja nyuma hakutaka hata kulisikia jina la Fargeat, akasema kwa sauti kwamba filamu hizi zina Ripley tangu 1979 na hakuna hata moja iliyowahi kukabidhiwa mwanamke. Nesi alikuwa amelisema hilo tangu siku ya kwanza. Hakumkumbusha, alimmiminia kahawa.

Mimi nilileta mtu ambaye hakuwa kwenye orodha ya yeyote: Wanuri Kahiu wa Kenya, na Pumzi yake ya mwaka 2009. Ni filamu ya dakika zipatazo 20, kwa hiyo niliomba ruhusa ya kuvuka kipimo, nikapewa. Afrika Mashariki ya baadaye, baada ya vita vya maji. Watu wanaishi wamefungiwa ndani, wanakunywa maji yaliyochujwa kutoka kwenye jasho na mkojo wao, na mtu akiota ndoto anaamriwa anywe dawa ya kuizima. Asha, mtunza makumbusho, analetewa udongo kidogo. Anaunusa. Uani palikuwa kimya kiasi cha kusikia feni ya projekta. Mwishoni anatembea jangwani na mche wake, anaumwagia maji ya mwisho aliyonayo, kisha anaukinga jua kwa mwili wake mwenyewe.

Najua Kahiu hajafanya filamu ya kutisha. Lakini ninaamini Alien ni hadithi ya pumzi: watu wachache, hewa ya kupimiwa, na kampuni inayoona uhai wao ni gharama. Huyu alishayapiga picha hayo yote kwa kutumia kikundi kidogo cha watu na chupa ya jasho.

Tukapiga kura kwa karatasi. Fargeat alipata tatu, mojawapo ya fundi. Blomkamp mbili. Scott moja, na hatukuhitaji kuuliza ni ya nani. Kahiu moja, yangu. Chini ya kila jina tulikubaliana kuandika sharti lilelile: hadithi ikamilike kwanza, na muongozaji aachwe afanye kazi.

Kabla ya kuondoka, mwalimu alinipa flashi yake nimwekee Pumzi, awaonyeshe wajukuu. Bahasha ya kura iko kwenye droo ya fundi, chini ya bisibisi zake, mpaka siku studio itakapotaja jina.